Shahidi wa Tatu wa Kisima cha Sichana

Futi ya kupimia ilikuwa imefika kidato cha tisa, kijitundu cha kukanyagia cha mchimbaji. Nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni mwa kisima, kichwa na mkono mmoja ndani, tochi nimeibana kwa kidevu, ninasoma namba kwa sauti ili nisizisahau kabla ya kuinuka na kuziandika.

"Kutoka kulia kwenda kushoto, inchi kumi na moja," nikasema. "Kutoka kushoto kurudi kulia..."

"Tano?" sauti ya mwanamke iliuliza juu yangu.

"Tano."

Nilipoinua kichwa nilimkuta amechutama kando ya viatu vyangu, daftari langu liko mapajani mwake na penseli mkononi. Alikuwa ameshaandika kumi na moja na tano chini ya mistari mingine minane iliyosema vivyo hivyo.

"Unisamehe, nimeona zinakwenda hivyo hivyo," alisema. "Mie Yusra, bintiye Mzee Talib Kheir, nyumba ile pale. Baba kasikia unaandika kitabu cha visima. Anakwita barazani. Kasema usiondoke Kiembe Samaki bila ya kuandika habari za babu."

Alinyoosha kidole kwenye jiwe la marumaru lililopachikwa ukutani mwa kisima, ingawa hapakuwa na haja. Jiwe lile nalijua kwa moyo. KISIMA HIKI NI SADAKA YA MARHUM KHEIR BIN SIMAI. UKICHOTA MUOMBEE FATIHA.

Nilikunja futi polepole. Nilikuwa nimeungoja mwito huo miaka thelathini na moja.

Kisima kile kilichimbwa na baba yangu, Mcha Vuai. Alikichimba kuwa sadaka ya mama yake, Sichana, aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Hiyo ndiyo kawaida yetu: mtu akimpenda maiti wake humchimbia maji, na kila anayechota humsomea Fatiha yule maiti. Ndoo ikipanda, dua inapanda nayo. Ukilibadilisha jina, ndoo zitaendelea kupanda lakini dua zitakuwa za mwengine.

Mwaka wa tisini na tatu msikiti wa jirani ulipofanyiwa ukarabati, Talib Kheir alileta jiwe lile. Baba alikwenda kumwuliza. Alimkuta barazani kwake baada ya Alasiri, pamejaa watu. Mimi nilikuwa nyuma ya baba kwa hatua chache, nimebeba ndoo, nina miaka kumi na tisa. Baba alisema kwa adabu kwamba kisima kile ni chake, kakichimba kwa mikono yake. Talib akacheka.

"Mzee Mcha, ikiwa mchimba kisima ndo mwenye kisima, basi na mchimba kaburi, maiti ni wake!"

Baraza zima lilicheka. Kulikuwa na mtu aliyecheka mpaka akamwaga kahawa. Baba hakujibu. Aligeuka, akatembea na ule mguu wake wa kushoto uliokuwa mfupi, na watu wakamcheka na mwendo pia. Tulipofika nyumbani alisema, "Kuanzia leo maji tunachota Mbweni." Tukachota Mbweni, ndoo kichwani, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, mpaka alipokufa miaka minne baadaye.

Mimi sikuapa kwa sauti. Si tabia yangu. Lakini niliapa.

Shule nimeacha darasa la saba. Ninafanya kazi Mkunazini, katika duka la Naznin la kutoa kopi na kujalidi vitabu, na huko ndiko nilikojifunza kutengeneza ukurasa. Kupima nimejifundisha mwenyewe. Kuuliza watu nako nimejifundisha, kwa kukosea sana. Kwa miaka kumi na miwili sasa ninakusanya habari za visima vya sadaka vya Unguja, nani alichimba, kwa ajili ya nani, kwa zana gani. Nimefikisha visima sitini na viwili. Wenye vitabu vikubwa hawakuviandika, kwa sababu waliovichimba hawakuwa watu wa kuandikwa.

Kanuni yangu ni moja. Hakuna jina linaloingia kitabuni mpaka lipate mashahidi watatu wasiokaa nyumba moja wala kuwa na udugu wao kwa wao. Kila shahidi namsomea maneno yake sentensi moja moja, naye anasema "ndivyo" au "sivyo". Mwenye kufa akiacha karatasi kwa hati yake, naikubali kuwa shahidi mmoja. Naznin hunicheka: "Hata ndoa mashahidi wawili, Amne! Weye kisima watatu, unataka kukioa?" Lakini kanuni nimeishikilia. Kuna mzee wa Fumba alilia mbele yangu kwa sababu shahidi wake wa tatu alikuwa shemeji wa yule wa kwanza, na nilimkatalia.

Kwa kisima cha baba nilikuwa na wawili. Wa kwanza Bi Hija, aliyewapikia wachimbaji, ambaye nilimwandika miezi sita kabla hajafariki. Wa pili Bwana Champsi wa Darajani, aliyekuwa kijana dukani kwa baba yake siku Mcha Vuai aliponunua mtaimbo na kamba, akawaambia anakwenda kumchimbia mama yake kisima Kiembe Samaki. Na nilikuwa na vidato, yaani vile vijitundu vya kukanyagia ambavyo mchimbaji huvichonga kwenye jiwe, kulia na kushoto, ili apande na kushuka. Mwenye miguu sawa huchonga inchi nane na nane; mwenye mguu mfupi kama baba hawezi. Kumi na moja na tano nimezikuta katika visima vitano tu kisiwani, na vinne vyake vinajulikana kuwa vya Mcha Vuai. Lakini jiwe si shahidi. Na wengine wote waliokuwapo walikuwa wameshakufa, isipokuwa mmoja.

"Haya," nikamwambia Yusra. "Twende."

Baraza ilikuwa ile ile, imepakwa rangi ya kijani sasa. Walikuwapo wazee watatu, na Talib amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, macho yameingia ukungu wa kisukari, bakora iko magotini. Nilifurahi kuwakuta wale watatu. Kama wangekuwa kumi ningefurahi zaidi.

"Shikamoo, Mzee Talib. Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Kaa. Yusra, mletee kahawa bibi wa kitabu." Alinigeuzia uso, si macho. "Nasikia umeandika mpaka visima vya Kiwengwa huko. Cha kwetu usikisahau. Andika: Kheir bin Simai."

"Cha kwenu nimeshakianza. Nikusomee?"

"Soma! Hawa nao waskie."

Nilifungua daftari. Sikupandisha sauti, sijui kupandisha sauti. Nilisoma: "Kisima cha Kiembe Samaki, karibu na msikiti. Kimechimbwa na Mcha Vuai, kiwe sadaka ya mama yake, Sichana."

Mmoja wa wale wazee, aliyeitwa Abdulhakim, aliweka kikombe chini.

Talib akacheka. Kicheko kilikuwa kile kile, kimepungua pumzi tu. "Lo! Kaja tena yule. Mwanangu, walokupa habari wamekudanganya. Mchimba kisima si mwenye kisima. Ingekuwa hivyo, mchimba kaburi..."

"...maiti ni wake," nikamalizia. "Nimewahi kuisikia, Mzee wangu. Nilikuwa nimesimama pale penye ngazi, na ndoo mkononi. Mimi ni Amne Mcha Vuai."

Yusra alikuwa ametoka na sinia ya kahawa. Alisimama mlangoni.

Nilikuwa nimeipanga siku hii mara nyingi. Nilijua nitasema nini akikana, na nitasema nini akiomba radhi. Nilitaka akane, mbele za watu, ili nimtolee vidato, Bi Hija na Champsi, kimoja kimoja, mpaka hata wale wazee wenzake waanze kutazama chini. Sikuwa nimepanga atakachokisema.

"Binti Mcha," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Kumbe ndo wewe. Umekuja kunisomea baba'ko kamwaga jasho pale. Jasho! Baba'ko katoa jasho. Unajua baba yangu katoa nini?"

"Katoa kiwanja."

"Kiwanja!" Alipiga bakora sakafuni. "Skiza, na weye Abdulhakim skiza, na nyote. Alikuja Mcha na baiskeli, analia, mama'ke kafa, hana ardhi, anaomba pahala pa kumchimbia maji. Baba akamwonea huruma akampa kiwanja wakfu, akampa na wanawe wawili wa kumsaidia, mie na kaka yangu Haitham. Mie navuta ndoo ya vifusi, Haitham anapokezana na Mcha kuchimba. Siku ya arubaini na moja Mcha kaona ufa ubavuni mwa kisima. Kauona! Kanambia mie, kwa mdomo wake, jiwe hilo litangoja mpaka kesho. Halikungoja. Ilikuwa zamu ya Haitham."

 Abdulhakim alisema polepole, "Talib, Haitham alianguka mnazi. Sote tuliambiwa mnazi."

"Mliambiwa! Kisima kilichoua mtu nani angeyanywa maji yake? Kingefukiwa siku ile ile, na Haitham angekuwa kafa bure. Baba ndo alosema iwe mnazi. Akamzika mwanawe, kesho yake akamwambia Mcha, 'Malizia.' Akamalizia." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Mie nilikuwa na miaka kumi na saba. Nkafungwa mdomo. Kila mtu anachota anamwombea bibi Sichana, na ndugu yangu hana hata neno. Nlipopata uwezo nkaweka jiwe. Jina la Haitham sikuweza kulitia, nkatia la baba. Na Mcha alipokuja hapa kunidai kisima chake, nkamcheka, na leo angekuja ningemcheka tena."

Jina la Haitham nililijua. Kila mwaka, mwezi wa Rajabu, baba alikuwa akisomesha khitma nyumbani, na majina ya maiti aliyaandika kwa hati yake kwenye karatasi ampe mwalimu. Mama yake, baba yake, dada zake wawili. La mwisho lilikuwa Haitham, peke yake, bila ya jina la baba. Nilipomwuliza ni nani alisema, "Mwenzangu wa kazi," akatoka nje. Karatasi ile ninayo. Nimeiweka pamoja na cheti chake cha kifo.

Basi ndiyo maana hakujibu siku ile barazani. Nilidhani aliona haya kwa kuchekwa.  Yusra aliniwekea kikombe mbele yangu.

Kisha niligeuza ukurasa, kwa sababu mkono wangu umezoea kazi, na nilikuwa nimeandika wakati wote alipokuwa akisema.

"Mzee Talib, nakusomea maneno yako. Useme ndivyo au sivyo."

"Soma! Usipunguze kitu."

"Aliyekuja kuomba kiwanja ni Mcha Vuai."

"Ndivyo. Na baiskeli."

"Alikiomba ili amchimbie mama yake aliyekufa."

"Ndivyo. Alilia kama mtoto mdogo."

"Kheir bin Simai alikitoa kiwanja wakfu."

"Ndivyo! Hilo liandike kubwa."

"Waliochimba ni Mcha Vuai na Haitham Kheir, na Talib Kheir akivuta ndoo."

"Ndivyo."

"Haitham alifariki kisimani siku ya arubaini na moja, kwa jiwe ambalo Mcha Vuai aliona ufa wake siku hiyo hiyo."

"Ndivyo. Ndivyo. Ndivyo."

"Baada ya hapo Mcha Vuai alikimaliza kisima."

"Ndivyo," alisema. Kisha mkono wake ukaikamata bakora, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani. Abdulhakim alikohoa.

"Ahsante," nikasema. "Nilikuwa na mashahidi wawili wa Mcha Vuai na mama yake. Sasa wametimia watatu. Baba yako ataandikwa kwa kiwanja chake, sitampunguzia. Lakini sadaka ni ya Sichana. Umesema mwenyewe, na hawa wamekusikia."

"Umenikamata, binti Mcha."

"Umejikamata, Mzee wangu."

Mzee mmoja alicheka, akajizuia. Nilikisikia kicheko kile kikiingia masikioni mwa Talib, nikamtazama usoni kilipoingia. Ilikuwa tamu. Sitasema uongo, ilikuwa tamu kuliko nilivyodhani.

"Mungu hasomi marumaru," alisema mwishowe. "Alijua siku zote dua ni za nani."

"Anajua. Watu ndio wanaosoma. Kama Mungu alikuwa akitosha, ungeliwacha jiwe dukani."

Aliinamisha kichwa. Kisha akaunyoosha mkono hewani, akitafuta ukingo wa daftari, akaukosa. "Na Haitham? Utamtia kitabuni? Sasa hakuna wa kukionea kinyaa, watu wanakunywa maji ya chupa. Mtie. Hata mstari mmoja. Mtu akisoma aseme tu, Mungu amrehemu."

Nilifunga daftari. "Haitham ana shahidi mmoja, Mzee Talib. Ni wewe. Nitafutie wawili."

"Washakufa wote!"

"Wa baba yangu nao walikuwa wamekufa. Nilihangaika nao miaka kumi na miwili."

"Ni sheria gani hiyo?"

"Yangu. Waulize watu wa Fumba."

Nilimshukuru Yusra kwa kahawa ambayo sikuinywa. Alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa mwanamke wa makamo yangu, mpole, na alitembea kando yangu mpaka tulipofika penye kivuli cha ukuta wa shule.

"Bi Amne, unayaamini alosema baba?"

"Nnayaamini."

"Basi kwa nini?"

Nilimwambia nimechelewa kazini, na hilo lilikuwa kweli.

Naznin alikuwa akijalidi madaftari ya madrasa nilipofika Mkunazini. Aliponiona uso aliweka gundi chini. "Haya, kadhi. Umepata shahidi wako?"

"Nimempata."

"Alhamdulillahi! Basi kaa, malizia ukurasa. Ndo uliobaki. Mtu wa mashine ya kupigia chapa anakuja kesho saa nne, na safari hii simrudishi. Mara mbili nimemrudisha kwa ajili yako, ananiona mie mwendawazimu."

Nilikaa kwenye kompyuta. Niliandika jina la kisima, na chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule wa visima vingine sitini na moja: Mcha Vuai, kwa ajili ya mama yake, Sichana. Niliyatazama majina yale. Nikaandika wakfu wa Kheir bin Simai. Nikaanza kunakili ushahidi kutoka daftarini, kwanza Champsi, kisha Bi Hija, neno kwa neno kama ilivyo kawaida yangu.

Maneno ya Bi Hija niliyaandika miaka mitatu iliyopita. Alikuwa mzee sana, anarukaruka katika mazungumzo, na mengi niliyanakili bila ya kuyaelewa. Katikati ya habari za mchele na samaki nikakuta hivi: "Nlikuwa napika chakula cha wachimbaji wawili na mvuta ndoo. Halafu siku moja chakula cha mmoja kikarudi, mtoto wa Kheir, kikatoka kisimani kama kilivyokwenda. Kesho yake nkaambiwa nipike cha wawili. Nkaambiwa nisiulize, nami sikuuliza." Nilimsomea siku ile. Pembeni pameandikwa, kwa mkono wangu: ndivyo.

Nikawahesabu mashahidi wa Haitham. Talib alikuwa wa kwanza. Bi Hija alikuwa wa pili, hana udugu na mtu yeyote katika hao. Na karatasi ya khitma, hati ya baba yangu mwenyewe, Haitham peke yake mwishoni, na aliyeiandika ndiye aliyeuona ufa. Watatu, wa nyumba tatu. Nimeshaandika visima kwa chini ya hapo, zamani, kabla sijaiweka kanuni.

"Amne," Naznin aliita. "Umekwama?"

"Sijakwama."

"Basi mbona huandiki?"

Nilimwambia yote. Ni mtu wa mzaha, lakini akisikiliza husikiliza. Nilipomaliza alivuta kiti akakaa karibu nami, akasoma skrini, kisha akasoma daftari pale penye maneno ya Bi Hija.

"Mstari mmoja," alisema. "Mashahidi unao. Uandike tufunge duka."

"Nitauandika."

"Lini?"

"Kesho. Mtu wa mashine anakuja saa nne. Nipe mpaka saa tatu na nusu."

"Kesho kuna nini ambacho leo hakipo?"

Nilifikiri jinsi ya kumjibu. Nilifikiria kutafuta sababu nzuri, kwamba nataka kuilinganisha karatasi ya baba na hati yake nyengine, kwamba ni lazima nipate tarehe. Lakini Naznin ananijua, nami sipendi kuandika jambo ambalo si kweli, hata mdomoni.

"Yule mzee leo hana macho ya kusomea, hana shahidi, hana wa kumwuliza," nikasema. "Anadhani kitabu kitatoka bila ya ndugu yake. Nataka akae hivyo siku moja."

"Siku moja."

"Baba yangu alikaa miaka minne. Bibi yangu thelathini na moja, bila ya dua."

 Naznin aliinuka akazifunga chupa za gundi na kufunika mashine ya kopi na kitambaa chake cha maua. Kutoka msikiti wa jirani alianza mtu kujaribu kipaza sauti. Niliacha nafasi ya mstari mmoja chini ya jina la Kheir, nikahifadhi ukurasa jinsi ulivyo, nikazima kompyuta. Kisha nilikumbuka kwamba karatasi ya khitma iko nyumbani, ndani ya sanduku, chini kabisa, na kwamba itabidi nianze kuitafuta mapema.